Nani Amempiga Nani? Ngeli na Mapigano ya Kujiendesha katika Seva za Michezo ya Kompyuta

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umetawaliwa kwa miaka mingi na suala la istilahi. Wataalamu wameshughulika zaidi na swali la jina: kitu hiki kiitweje, neno lipi lipendekezwe na lipi likataliwe. Kazi hiyo imezaa matunda. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo isingewezekana bila orodha ya istilahi iliyoandaliwa kwa makini.

Hata hivyo, programu ya ofisi haisimulii jambo lolote. Humwonyesha mtumiaji amri na majina tu: fungua, hifadhi, ukurasa, jedwali. Sentensi zake chache zinajulikana zote kabla programu haijauzwa wala kugawiwa. Mchezo wa kompyuta wa wachezaji wengi ni kinyume cha hayo. Humo, seva, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji na kutunza hali ya ulimwengu wa mchezo, hulazimika kutunga sentensi kamili papo hapo, kuhusu watendaji ambao mwandishi wa programu hakuwajua alipokuwa akiandika. Jambo hili huonekana wazi zaidi pale mwenye seva anapoongeza mapigano ya kujiendesha, yaani mapigano yanayoanzishwa, kuendeshwa na kumalizwa na programu bila mtu kuyasimamia.

Makala haya yanadai kwamba mapigano hayo hayawezi kutangazwa kwa Kiswahili fasaha kwa kutafsiri violezo vya Kiingereza. Anayeyaongeza hana budi kuingiza ngeli katika rekodi ya kila kiumbe na ya kila silaha. Aidha, makala yanadai kwamba upatanisho wa kisarufi katika matangazo hayo si pambo, bali ndio humwezesha mchezaji kujua nani amempiga nani.

2.0 Mapigano ya Kujiendesha Yanavyofanya Kazi

Aina hii ya michezo si mpya. Mchezo wa maandishi ulioitwa MUD ulianzishwa na Roy Trubshaw mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na kuendelezwa na Richard Bartle. Katika mchezo huo mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipo na kuandika amri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi wa idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, walitunga DikuMUD, programu iliyotilia mkazo mapigano. Kutokana nayo Jeremy Elson wa Marekani alitoa CircleMUD mwaka 1993, ambayo ilitumiwa sana na watu waliotaka kuanzisha seva zao wenyewe.

Katika programu za ukoo huu, mapigano ya kujiendesha hutegemea mambo matatu. Kwanza ni saa. Katika CircleMUD duru moja ya mapigano hupita kila sekunde 2. Kila anayepigana hupata zamu yake, awe mtu au kiumbe wa programu. Pili ni kujaza upya. Ulimwengu hugawanywa katika maeneo, na kila eneo lina umri wake unaohesabiwa kwa dakika. Umri huo ukiisha, seva huwarudisha maadui waliouawa, ama wakati wowote, ama pale tu ambapo hakuna mchezaji aliyebaki katika eneo hilo. Tatu ni sharti. Kiumbe aliyewekewa alama ya ukali humshambulia mchezaji anayeingia alipo, bila kuchokozwa.

Mifumo ya baadaye ni ya picha, lakini mantiki yake haijabadilika sana. Mchezo wa Minecraft, katika toleo lake la 1.14 la mwaka 2019, uliongezewa uvamizi wa kijiji. Mchezaji aliyepatwa na nuksi fulani akiingia kijijini, seva huleta maadui kwa mawimbi: mawimbi 3 katika kiwango chepesi, 5 katika kiwango cha kati, na 7 katika kiwango kigumu. Mstari wa juu ya skrini hutangaza uvamizi, idadi ya maadui waliobaki, na hatimaye ushindi au kushindwa. Kwa hiyo, awe wa maandishi au wa picha, mchezo wa aina hii unahitaji lugha: lazima mtu aambiwe kwamba vita vimeanza, nani ameingia, nani ameumia na nani amebaki.

3.0 Sarufi Iliyofichwa katika Kiolezo

Seva hutunga matangazo kwa violezo. Kiolezo ni sentensi yenye nafasi wazi zinazojazwa majina wakati wa mchezo. Katika DikuMUD na vizazi vyake, nafasi hizo huonyeshwa kwa alama ya dola na herufi: $n ni jina la mtenda, $N ni jina la mtendwa, na herufi nyingine husimama badala ya viwakilishi vyao.

Mambo mawili katika utaratibu huu yanastahili kuzingatiwa na mwanaisimu. La kwanza ni kwamba kila pigo lina matangazo matatu: moja kwa mpigaji, la pili kwa aliyepigwa, na la tatu kwa watazamaji waliopo mahali hapo. Hii ni nadharia kamili ya nafsi ndani ya programu, ijapokuwa waandishi wake hawakuiita hivyo.

La pili ni kwamba rekodi ya kila kiumbe ina nafasi ya jinsi: mume, mke, au isiyo na jinsi. Miongoni mwa kazi zake kuu ni kuiwezesha programu kuchagua kiwakilishi sahihi cha Kiingereza. Vilevile, kila kitenzi cha kupiga kimehifadhiwa katika maumbo mawili, lenye kiambishi tamati -s na lisilo nacho, kwa sababu Kiingereza kinadai hivyo pindi mtenda anapobadilika kutoka nafsi ya pili kwenda nafsi ya tatu.

Hoja muhimu inatokana na mambo hayo. Husemwa mara nyingi kwamba seva haijali lugha, na kwamba sarufi ni kazi ya mfasiri atakayekuja baadaye. Dai hilo si kweli. Seva imekwisha kubeba sarufi, na sarufi hiyo ni ya Kiingereza. Kinachohitajika ni kuipa seva taarifa nyingine ya aina ileile. Kama rekodi ya zimwi inaweza kuhifadhi jinsi yake kwa ajili ya Kiingereza, hakuna sababu ya kiufundi ya kuizuia isihifadhi ngeli yake kwa ajili ya Kiswahili.

4.0 Kiswahili katika Kiolezo cha Kiingereza

Mfasiri anayepewa kiolezo cha shambulio kwa kawaida atakitafsiri kama ifuatavyo:

(1) [mtenda] amemshambulia [mtendwa].

Kiolezo hiki hufaa iwapo mtenda na mtendwa ni watu, tena kila mmoja yuko peke yake. Lakini seva haichagui watenda wa namna hiyo pekee. Tazama matokeo yafuatayo, ambayo si sahihi:

(2) a. *Mnara amemshambulia Asha.
b. *Askari watano amemshambulia Asha.
c. *Asha amemshambulia mnara.

Sentensi sahihi ni hizi:

(3) a. Mnara umemshambulia Asha.
b. Askari watano wamemshambulia Asha.
c. Asha ameushambulia mnara.

Inaonekana kwamba kinachobadilika si nafasi iliyo wazi, bali ni kitenzi ambacho kiolezo kilikichukulia kuwa hakibadiliki. Kiambishi cha kiima na kiambishi cha yambwa vyote viwili hutegemea nomino zitakazojazwa. Katika ukanushi, ambao hutokea kila pigo linapokosa shabaha, mambo huzidi: mganga hakumpata Asha, zimwi halikumpata Asha, kimbunga hakikumpata Asha.

Silaha nazo zina madai yake. Kiwakilishi kimiliki cha Kiingereza hufuata jinsi ya mwenye silaha, na hufaa kwa silaha yoyote. Kiswahili hakijali jinsi ya mwenye silaha. -Ake ni ya mume na ya mke. Badala yake hufuata silaha yenyewe: upanga wake, kisu chake, rungu lake, bunduki yake. Kwa hiyo taarifa ambayo seva imeihifadhi haihitajiki na sarufi ya Kiswahili, na ile inayohitajika haimo.

Huenda mtu akapendekeza kwamba programu iikisie ngeli kwa kutazama mwanzo wa neno. Pendekezo hili linagusa mgogoro wa zamani katika isimu ya Kiswahili: je, ngeli ziainishwe kwa viambishi vya nomino zenyewe, kama ilivyo katika mkabala wa Meinhof, au kwa upatanisho wake na kitenzi na vivumishi? Mifano ya mapigano inatoa jibu lisilo na utata:

(4) a. Kifaru amemshambulia Asha.
b. Kifaru kimemshambulia Asha.

(5) a. Kimbunga amemshambulia Asha.
b. Kimbunga kimemshambulia Asha.

Katika (4a) ameshambulia mnyama. Katika (4b) limeshambulia gari la vita. Katika (5a) Kimbunga ni jina ambalo mchezaji amejichagulia. Katika (5b) ni dhoruba. Umbo la nomino ni lilelile katika kila jozi. Programu inayokisia kwa kiambishi itakosea katika sentensi moja ya kila jozi, na hakuna kanuni ya kimofolojia itakayoiokoa. Ngeli ya upatanisho lazima iandikwe na mtu anayejua kiumbe huyo ni nini. Kwa kazi hii, angalau, kigezo cha kisintaksia ndicho chenye manufaa.

Liko pia suala la viumbe wanaotisha. Kanuni ya kwamba viumbe hai hupatanishwa kwa a- na wa- ina mipaka inayofahamika vyema na wasimulizi wa ngano. Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, wala haisemi akujuaye. Jitu, joka na zimwi huweza kuchukua li- ili kuonyesha ukubwa, kitisho au dharau. Baadhi ya wasemaji huyapatanisha kwa a- pia. Uchaguzi huo ni wa kimtindo na ni haki ya msimulizi. Kiolezo cha (1) humnyang'anya haki hiyo, kwa kuwa hulifanya joka lizungumziwe kama jirani.

5.0 Njia Mbili za Mkato

Wapo watakaoona kwamba tatizo hili linaweza kukwepwa. Njia ya kwanza ya mkato ni kutumia a- na wa- kwa kila kitu, kwa hoja kwamba mchezaji ataelewa tu. Watetezi wa njia hii wanaweza kukumbusha kwamba zipo aina za Kiswahili, kama kile cha Lubumbashi, ambazo mfumo wake wa upatanisho umepungua ukilinganishwa na Kiswahili sanifu, na wasemaji wake huelewana bila shida.

Ukweli huo haupingwi, lakini hauthibitishi wanachotaka kuuthibitisha. Upungufu wa upatanisho huko umeletwa na wasemaji wenyewe, katika mazingira ya kukutana kwa lugha nyingi, na una kanuni zake. Upungufu unaopendekezwa hapa haukuletwa na msemaji yeyote. Unatokana na ufinyu wa kiolezo kilichotungwa kwa ajili ya lugha nyingine. Lugha inayobadilishwa na watu wake iko hai. Lugha inayopunguzwa ili itoshe katika nafasi iliyoachwa na mtu asiyeijua inaburutwa.

Njia ya pili ni ya kijanja zaidi. Mfasiri hukiondoa kitenzi na kuweka nomino: shambulio la mnara dhidi ya Asha, shambulio la mazimwi dhidi ya Asha. Hapa upatanisho wote humezwa na nomino shambulio, na sentensi haikosei kamwe. Njia hii inafaa kwa vichwa vya habari. Mstari wa juu ya skrini ukisema Uvamizi, au Uvamizi: Ushindi, hakuna kilichopotea. Lakini mapigano hayasimuliwi kwa vichwa vya habari. Nomino haisemi kama shambulio linakuja, linaendelea, limekwisha au limekosa shabaha, na hayo ndiyo mambo ambayo mchezaji anataka kuyajua. Hata idadi ya waliobaki haikwepeki: askari waliobaki ni 3, minara iliyobaki ni 3, mazimwi yaliyobaki ni 3. Kirejeshi hudai ngeli kama kitenzi kinavyodai.

6.0 Upatanisho kama Chombo cha Mchezo

Hadi hapa hoja inaweza kuonekana kuwa ni ya usanifu tu. Sivyo. Wachezaji 5 wakipigana na maadui 5 katika duru ya sekunde 2, kila mmoja akipata pigo moja, matangazo ya mapigo pekee ni 10 kwa kila duru, yaani 300 kwa dakika moja. Msomaji wa matangazo hayo hana nafasi ya kurudia sentensi. Anahitaji sentensi fupi zisizo na utata. Linganisha vifungu hivi viwili:

(6) Zimwi amemshambulia Asha. Amemkwepa. Amempiga. Amemkimbia.

(7) Zimwi limemshambulia Asha. Amelikwepa. Amelipiga. Limemkimbia.

Katika (6) haijulikani nani amemkwepa nani, nani amepiga, wala nani amekimbia. Ili kuondoa utata, seva italazimika kurudia majina yote katika kila sentensi, na matangazo yatarefuka mno. Katika (7) majina yametajwa mara moja tu, na sentensi tatu zinazofuata, kila moja yenye neno moja, zinaeleweka kikamilifu: Asha amekwepa, Asha amepiga, zimwi limekimbia. Viambishi viwili vimebeba mzigo wa majina mawili.

Ni kweli kwamba watu wawili wakipigana, utata hurudi, kwa kuwa wote ni wa a-. Hapo majina hayana budi kurudiwa. Lakini katika mapigano ya kujiendesha upande mmoja aghalabu si watu, na msimulizi anaweza kuchagua maadui ambao ngeli zao zitamsaidia msomaji. Kiingereza kinaweza kufanya jambo linalofanana na hili pale tu jinsi za wapiganaji zinapotofautiana. Kiswahili kina ngeli nyingi zaidi za kutofautisha. Hivyo sifa ambayo hulalamikiwa kuwa ni mzigo kwa waandishi wa programu ndiyo inayokifanya Kiswahili kiwe lugha inayofaa sana kwa kazi hii, ilimradi seva ipewe taarifa inayostahili.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanapendekezwa kwa yeyote anayetaka kuongeza mapigano ya kujiendesha kwa Kiswahili.

Mosi, rekodi ya kila kiumbe, silaha na chombo cha vita iwe na nafasi ya ngeli ya upatanisho na umbo la wingi. Kwa viumbe wa kutisha, mtunzi wa tukio apewe uhuru wa kuchagua kati ya a- na li-.

Pili, kitenzi kisiandikwe kikiwa kimekamilika ndani ya kiolezo. Kiandikwe shina na njeo, na viambishi vya kiima na yambwa vichukuliwe katika jedwali. Jedwali la viambishi vya kiima, pamoja na nafsi zote na ngeli za mahali, halizidi mistari 20. Ni kazi ndogo kuliko kanuni za kuhesabu majeraha ya pigo moja la upanga.

Tatu, upatanisho uamuliwe baada ya seva kujua mchezaji anaona nini. Katika programu za ukoo wa DikuMUD, mtenda asiyeonekana gizani hubadilishiwa jina akawa mtu fulani tu. Kiambishi cha kitenzi nacho lazima kibadilike, la sivyo li- itafichua kwamba aliyejificha gizani ni zimwi.

Nne, majina ya wachezaji yapatanishwe kwa a- daima, hata yakifanana na majina ya vitu.

Idara za Kiswahili zina wajibu wao pia. Mwandishi wa programu hawezi kulaumiwa kwa kutojua kwamba kifaru cha vita hakipatani kama kifaru wa porini, ikiwa hakuna aliyemwandalia orodha ya nomino za uwanja huu pamoja na upatanisho wake. Kamusi zinaonyesha wingi na ngeli, lakini hazikuandaliwa kwa ajili ya kusomwa na mashine, na hazigusi viumbe wengi wa ngano ambao michezo hii huwaita vitani. Kazi hiyo inalingana na uwezo wa tasnifu ya uzamili, na ingekuwa na watumiaji siku ya kukamilika kwake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba seva ya mchezo, inapoendesha mapigano bila msimamizi, ni msimulizi, na kwamba usimulizi wake umekwisha kuwekewa sarufi ya lugha moja. Kuwa na istilahi nzuri za seva, programu na mchezo hakutoshi ikiwa sentensi inayotoka ndani yake inasema mnara amemshambulia mtu. Kosa hilo haliandikwi mara moja kama kosa la kitabu, ambalo mhariri anaweza kulisahihisha katika chapa ya pili. Hurudiwa na mashine kila duru, mbele ya kila mchezaji, usiku na mchana, hadi masikio yalizoee. Wanaoshughulikia lugha hii watafanya vyema wakifika kwenye uwanja huo wa vita kabla violezo havijakauka.